Barua ya wazi kwa Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) Kanda ya Ziwa: leseni za redio zifike mialoni

Ndugu Meneja,

Mvuvi wa kisiwa cha Goziba, mwenye boti ya abiria wa kisiwa cha Bumbire na mlinzi wa ghala mjini Bukoba wakinunua redio koli, wote wanaguswa na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, inayosimamia leseni za masafa na uthibitishaji wa vifaa. Kanuni hiyo ni ya haki. Redio isiyopimwa yaweza kuvamia masafa ya polisi au ya ndege, na mawimbi ya megahezi 27 ya redio za raia ziitwazo CB, anga la juu likiruhusu, husafiri maelfu ya kilomita na kuvuka mipaka. Hoja yangu ni moja: Bukoba na Muleba, mtumiaji afikishiwe kwanza njia ya kutii, ndipo ukamataji ufuate.

Nchi nyingine zimeshapita njia hiyo. Uingereza ilipiga marufuku CB, na watu wakaendelea kuitumia kwa siri. Tarehe 2 Novemba 1981 ikairuhusu kwa leseni ya pauni 10 iliyopatikana katika ofisi za posta. Mwaka 2006 leseni hiyo ikaondolewa. Marekani iliacha kudai leseni ya mtu mmoja mmoja mwaka 1983, lakini ikabakiza mipaka ya nguvu na ubora wa vifaa. Kwetu ziwa linaongeza uzito wa hoja. Ndege ya Precision Air ilipoanguka majini karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022 na watu 19 kufariki, wavuvi walikuwa miongoni mwa waliotangulia kuokoa. Watu tunaowategemea hivyo wanastahili mawasiliano halali.

Wapo watakaosema simu inatosha. Simu humfikia aliyepigiwa, tena penye mtandao. Redio husikika kwa kila chombo kilicho karibu kwenye chaneli hiyo, jambo la kuokoa maisha dhoruba inapozuka. Wengine watahofia kwamba wavuvi haramu watapashana habari za doria. Hofu hiyo ina msingi, ila mhalifu hangoji leseni. Daftari la vifaa halali ndilo litakalomsaidia askari kumtambua. Na ingawa kutojua sheria si utetezi mahakamani, faini peke yake haimfundishi mtu chaneli ipi aiache wazi.

Kwa hiyo naomba maombi ya leseni yapokelewe katika ofisi za posta za Bukoba na Muleba, kwa ada ambayo mvuvi mdogo anaimudu. Maofisa wako, wakishirikiana na TASAC, wasimamizi wa usalama wa vyombo vya majini, na vikundi vya BMU vinavyosimamia uvuvi mialoni, wafike Kemondo na visiwani kupima vifaa na kueleza kanuni. Utangazwe muda wa kujisajili. Ukiisha, sheria itumike bila upendeleo, ikianza na wauzaji wa redio zisizothibitishwa, maana wao ndio wanaofaidika huku hasara ikimwangukia mnunuzi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi wa Kagera