Kabla ya Kupanda Bumbuli

Wengi wetu tufanyao kazi Tanga na Dar es Salaam hungoja likizo ili tuwapeleke watoto kwa babu na bibi zao, milimani Usambara. Gari hujazwa watu na mizigo, likaiacha barabara kuu pale Mombo, likapanda kona kwa kona hadi Soni, kisha likashika njia ya Bumbuli. Katika kona hizo ndipo linapojulikana gari lililotunzwa na lililopuuzwa.

Mbele, chini ya magari mengi, kuna chuma kirefu kilichopindwa ambacho mafundi hukiita stabilaiza. Ncha zake zimeungwa na magurudumu mawili kwa vijiti viitwavyo linki, na katikati kimeshikwa na mipira iitwayo bushi. Gari likilalia upande mmoja konani, chuma hicho hujisokota na kulizuia lisilale mno. Bushi zikiisha utasikia mgongano kila upitapo mashimoni. Linki ikikatika, gari litalala konani kuliko kawaida.

Mwenye spana, jeki na subira aweza kukibadilisha nyumbani. Simamisha gari mahali tambarare na pagumu, vuta breki ya mkono, uzuie magurudumu ya nyuma kwa magogo. Inua mbele yote, kulia na kushoto. Ukiinua upande mmoja tu, chuma hubaki kimejisokota na chaweza kuruka boliti itokapo. Kisha lilaze gari juu ya stendi imara. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, kwani jeki hushuka bila kuaga. Watoto nao wakae mbali.

Fungua linki, kisha vishikizo vya bushi, utoe chuma na kukilinganisha na kipya. Badilisha bushi na linki za pande zote mbili. Mpira usipakwe grisi ya kawaida, maana mafuta huuharibu. Maji ya sabuni yatosha. Kaza mara ya mwisho magurudumu yakiwa yamebeba uzito wa gari, kwa kipimo kilichomo katika kitabu chake, na uzikague nati tena baada ya siku chache. Katika baadhi ya magari chuma hakitoki mpaka fremu ya chini ya injini iteremshwe. Hapo mwite fundi, si aibu.

Wako wanaoing'oa linki mbovu na kuendelea na safari, mradi kelele ziishe. Kelele zitakwisha kweli, lakini kinga ya konani nayo itakuwa imeondoka, na gari lililosheheni halitakupa onyo la pili. Watoto waliokaa kiti cha nyuma hawaijui linki. Wanamtegemea aliyeshika usukani.