Mafuta ya Turkana huganda kama Kimbo: Msee wa Isiolo, wewe utapata nini bomba likipita?

Wewe msee wa Bulla Pesa, hebu fungua mkebe wa Kimbo asubuhi mapema. Imekaa ngumu, si ndio? Tia kwa sufuria, weka kwa jiko, kidogo tu imekuwa maji. Mafuta ya Lokichar ndio hivyo. Yana nta kibao. Chini ya ardhi kuna joto jingi, kwa hivyo yanatembea fiti, lakini yakitoka nje yakapoa, yanaganda. Hata jua la Isiolo, na unajua vile huchoma, haliwezi kuyabakisha maji.

Hii stori wanasiasa huwa hawakupi wakija na helikopta. Machi 2012 Kibaki alitangaza kwamba kisima cha Ngamia 1 kimepata mafuta. Mwezi huo huo alikuwa Lamu na Salva Kiir na Meles Zenawi wakizindua LAPSSET, na Isiolo ikachorwa katikati ya ramani: reli, barabara, uwanja wa ndege, jiji la kitalii pale Kipsing, na bomba. Barabara ya Moyale tunayo. Uwanja wa ndege tunao. Bomba? Zii.

Shida ni kwamba joto ni doh. Kutoka Lokichar hadi Lamu ni zaidi ya kilomita 800, na bomba lazima lipashwe moto njia yote. Likizimika mafuta yakaganda ndani, maze, hapo una mshumaa mrefu kuliko barabara ya Nairobi-Mombasa. Mafuta ya Uganda pia yana nta, na wao 2016 waliacha njia ya Kenya wakaenda Tanga: kilomita 1,443, linapashwa kwa stima. Wakaenda na mafuta yao, ambayo yangesaidia kulipia bomba letu. Hapo ndio hesabu iliharibika.

Kuna njia ya kuchanganya viyeyushi, yaani vitu vyepesi vya kulainisha nta. Inasaidia, lakini hivyo pia vinanunuliwa na kusafirishwa hadi Lokichar. Oman, kwa visima vya Qarn Alam, mafuta ni mazito na yamekwama ndani ya jiwe lenye nyufa, so wanaingiza mvuke yapate moto, yawe mepesi, yashuke. Mvuke unataka maji. Na Turkana mpango wenyewe ulikuwa kuvuta maji ya bwawa la Turkwel yaingizwe ardhini yasukume mafuta. Kwa mfugaji hiyo si hesabu ya mainjinia, ni hesabu ya ngamia wake.

Juni 2018 Uhuru alifungua safari za malori yenye matangi ya kuhifadhi joto, yakipitia Kitale na Eldoret, si huku kwetu. Wakazi wa Turkana waliyasimamisha wakidai usalama, hadi wakasikizwa. Agosti 2019 meli ya kwanza iliondoka Mombasa na mapipa 200,000, bei dola milioni 12. Baadaye, 2023, Total na Africa Oil wakatoka, na 2025 Tullow nayo ikauzia Gulf Energy.

Sasa tega sikio. Sheria ya Petroli ya 2019 inasema kaunti inapata asilimia 20 ya mgao wa serikali, na jamii asilimia 5. Lakini jamii hapo ni watu wa kaunti ndogo yenye mafuta yenyewe. Kupitiwa na bomba hakukuingizi kwa hiyo listi. Chako wewe ni fidia ya shamba, basi.

Na hapo ndio kuna mtego. Ardhi nyingi ya Isiolo ni ya jamii. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, kama jamii yenu haijasajiliwa, fidia inashikwa na kaunti kwa niaba yenu, kwa akaunti yenye riba, hadi siku mtasajiliwa. Yaani bomba linaweza kupita, mafuta yafike Lamu, na ganji yenu bado iko benki inawangoja makaratasi.

Kwa hivyo wazee wa Merti, Sericho na Oldonyiro, siku mtapita ofisi ya ardhi msiulize bomba linakuja lini. Ulizeni kama jina la jamii yenu liko kwa rejista. Na mkiwa hapo hapo, ulizeni pia ile stima ya kupasha bomba itapita kando ya manyatta ngapi zenye bado zinatumia koroboi.