Maneno Mawili, Si Matatu: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya

Mheshimiwa Waziri,

Novemba 2021, Mutahi Kagwe, mmoja wa waliokutangulia katika wizara hiyo, alisema kwamba kati ya wahudumu wa afya 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza ili waende kazini Uingereza, 10 tu ndio waliofaulu. Mitandaoni watu walicheka hadi mbavu zikawauma. Mimi sikucheka. Jioni huwaandaa wauguzi kwa IELTS, mtihani wa Kiingereza wa aina hiyo, na najua wanapojikwaa.

Ni katika sehemu ya kusoma, kwenye muhtasari wenye mapengo. Juma lililopita muuguzi mwenye miaka tisa wodini alijaza pengo moja hivi: "the clean water". Kifungu alikielewa barabara. Lakini agizo lilisema yasizidi maneno mawili, na "the" nalo ni neno. Sufuri. Pengo lililofuata akaandika "sickness", kumbe kifungu kilisema "illness". Sufuri tena. Alinitazama kama mtu aliyeibiwa.

Aliyemzoesha hivyo ni nani, kama si sisi walimu? Katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, kifungu cha mapengo kumi humtaka mtahiniwa atafute kichwani mwake neno linalofaa, na kwenye ufupisho twamsisitizia atumie maneno yake mwenyewe. Kwenye IELTS ni kinyume. Usipowekewa kisanduku cha maneno, jibu unalichota kifunguni vilevile lilivyo, tahajia na yote. Anayebadilisha maneno ni mtunga mtihani: kifungu kikisema "shortage", muhtasari utasema "lack", nawe uyatambue kuwa ni ndugu.

Hili linafundishika. Wanangu hawa (wengine wana umri wangu) huwa nawaambia waanze na muhtasari, wajiulize pengo linadai nomino au kitenzi, umoja au wingi, ndipo warudi kifunguni. Maswali ya kusoma ni 40 kwa dakika 60, na baraza la wauguzi la Uingereza hutaka alama 7 katika kusoma, yaani takriban majibu 30 sahihi. Ukipoteza manne kwa "the", umekwenda.

Naomba saa kumi tu za zoezi hili katika muhula wa mwisho wa vyuo vyetu vya uuguzi, kabla watu hawajatoa pesa zao mfukoni kulipia mtihani ambao swali lake hawajapata kuliona.

Yule wa wodini anarudia mwezi ujao. Nimempa kalamu nyekundu ya kukatia kila "the".

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa Kiingereza, Nakuru