Sanamu za Warusi na Kaburi la Rujewa

Januari 2023, huko Rujewa wilayani Mbarali, mkoani Mbeya, ulizikwa mwili wa kijana wa Kitanzania aliyekwenda Moscow kusoma. Alihukumiwa kifungo huko Urusi, na humo gerezani akaahidiwa msamaha iwapo angekwenda vitani Ukraine pamoja na kundi la Wagner. Akaenda, akauawa Oktoba 2022. Tangu hapo, anayetaja kwa mapenzi jina la msanii wa Kirusi hukaripiwa kutoka pande mbili.

Upande mmoja husema kila cha Mrusi kimenajisika, hata jiwe alilolichonga. Upande wa pili, aghalabu wakongwe wa siasa na vijana wanaowaiga, husema kuwa Urusi iliifaa Afrika wakati wa ukombozi na rafiki hasemwi. Pande hizi hutukanana, ilhali kosa lao ni moja: zote huchanganya watu na dola inayowatawala.

Wachongaji wa Kirusi hawakuchanganya. Mwaka 1962, katika ukumbi wa Manege jijini Moscow, Nikita Khrushchev alizitukana kazi za wasanii vijana mbele ya hadhara. Ernst Neizvestny, mchongaji aliyejeruhiwa vibaya katika Vita Vikuu vya Pili, alimjibu uso kwa uso. Khrushchev alipofariki mwaka 1971, jamaa zake walimwendea nani awachongee jiwe la kaburi? Yuleyule Neizvestny. Naye hakulipa kisasi, wala hakujipendekeza: alikiweka kichwa cha marehemu baina ya mawe meupe na meusi yaliyopachanishwa, mema na maovu yake yaonekane kwa pamoja. Mwaka 1996 kazi yake nyingine ilisimamishwa Magadan, kwenye njia ya wafungwa waliopelekwa katika kambi za kazi za Stalin. Ni uso mkubwa wa zege unaolia, na kila chozi lake ni uso mdogo wa mtu.

Mtu wa pwani, aliyelelewa kuitazama sanamu kwa jicho la shaka, huenda akasema masanamu yote ni ya kuwatukuza wenye nguvu. Shaka hiyo ina haki yake, kwani Lenin wa shaba walikuwa wengi mno. Lakini lile la Pushkin lililozinduliwa Moscow mwaka 1880 lilichongwa na Alexander Opekushin, mtoto wa mtwana, kwa fedha zilizochangwa na umma. Na mshairi mwenyewe ni kitukuu cha Mwafrika, Abram Gannibal. Atakayeitupa sanaa yote ya Kirusi atamtupa na huyu.

Ama deni la ukombozi, wanaolitaja walitaje lote. Wapiganaji wa ANC wa Afrika Kusini waliopitia Tanzania miaka ya 1960 walifunzwa kwa wingi Odessa, na Odessa ni mji wa Ukraine. Msaada ule ulikuwa wa Umoja wa Kisovieti, uliobeba mataifa mengi. Kwa hoja gani basi shukrani yote ielekezwe Moscow, na mabomu yanayoiangukia Odessa yasitajwe?

Iringa, jirani wa Mbeya, inajua uso wa mtu unapochukuliwa na dola ya kigeni. Mkwawa alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe hai, Wajerumani wakamkata kichwa. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliamuru fuvu lirejeshwe, na bado halikufika Kalenga hadi 1954, likitokea Bremen. Hakuna aliyetakiwa achague baina ya kulidai fuvu lile na kuupenda muziki wa Bach. Kwa nini basi mtu wa Mbeya alazimishwe kuchagua baina ya kaburi la Rujewa na uso wa Magadan, ilhali uso ule unawalilia watu walioingizwa gerezani na kutumiwa na dola hiyohiyo?

Watanzania waliosoma Urusi, waliokula mkate mweusi na kufundishwa na walimu waliowapenda, ndio wanaostahili kuuliza kwanza. Ni nani aliyeingia gerezani na karatasi zile, na kwa idhini ya nani mgeni aliyekuja kusoma akatiwa bunduki mkononi? Swali hilo lipelekwe ubalozini, tena kwa Kirusi fasaha.