Ziwa Chala Nalo ni Mali ya Kilimanjaro

Mtumishi wa umma mjini Moshi akitaja uhifadhi, macho yake hupanda juu. Huiona Kibo, barafu na msitu. Si ajabu, kwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973, na mwaka 2005 msitu unaouzunguka mlima ukaingizwa humo. Ni nadra mtu kuteremsha macho upande wa Rombo, liliko Ziwa Chala, nje ya mipaka ya hifadhi hiyo.

Ziwa hilo limo katika shimo la volkano, na mpaka wa Tanzania na Kenya unapita ndani yake. Maji yake mengi ni mvua ya mlimani iliyopenya chini ya ardhi. Hakuna mto wa kudumu unaoingia. Katika upweke huo akatokea perege ambaye kwa asili hapatikani penginepo duniani. Leo Shirika la Kimataifa la Hifadhi ya Mazingira, IUCN, linamhesabu miongoni mwa viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Adui wake ni ndugu zake. Perege wa aina nyingine walitiwa ziwani kwa mkono wa mtu, wakazaana, na mwenyeji akawa haba. Yaliyotokea Ziwa Victoria yanajulikana: sangara alitiwa humo katika miaka ya 1950 ili kuongeza kitoweo, na aina nyingi sana za furu zikatoweka. Sangara walau alileta viwanda na fedha za kigeni.

Hapa ndipo walimu na Mabwana Samaki wanapohusika. Kuchimba mabwawa ya samaki shuleni na vijijini ni kazi ya kusifiwa; watoto wanahitaji kitoweo. Lakini ndoo ya vifaranga vya sato inapofika, nani huuliza imetoka wapi? Nani hufikiri samaki hao watakwenda wapi bwawa likifurika? Sato huzaana na perege wengine, na machotara wao ni vigumu kuwatambua kwa macho. Anayemwaga ziwani vifaranga vilivyobaki hudhani ametenda wema.

Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 ipo, lakini askari hawezi kusimama kando ya kila ndoo. Ofisi zinazogawa vifaranga ziandike aina yao na mahali walikotoka. Bwawa lolote jirani na Chala lisipandwe sato. Viongozi wa Rombo wakae na wenzao wa Taveta, maana samaki hajui mpaka. Nao perege halisi watengwe na kuzalishwa mbali na wageni, wangali wanapatikana.