Taa ya mita imekufa? Weka LED, ila mwambie mteja

Wauzaji wenzangu, hii ni kwa tunaouza vyombo vya zamani mtandaoni. Mimi niko Marekani, nauza redio za CB za mtumba, zile za madereva wa malori. Nyingi zinanifikia taa ya mita imeungua. Redio inaongea vizuri kabisa, ila kile kidirisha chenye mshale ni giza, na mteja akiona picha anapita tu.

Kuweka LED mimi naunga mkono. Inakula umeme kidogo, haipati joto kama balbu. Ila jamani, usiiunge moja kwa moja kwenye volti 13.8! Tanguliza rezista. LED nyeupe inachukua kama volti 3, hivyo rezista ya omu 1,000 itapitisha miliampea 10 na ushee, mwanga wa kutosha. Ukigeuza chanya na hasi haiwaki.

Ninapogombana na watu ni kwenye rangi. Wanaweka bluu kali eti picha ing'ae. Anayetafuta redio ya miaka ya 1970 anataka ile njano ya balbu! Chukua LED nyeupe ya kuelekea manjano.

Na kwenye tangazo andika: "Taa ya mita imebadilishwa, ni LED." Eti bei itashuka? Sikubali. Mkusanyaji akifungua kifuniko ataiona hiyo rezista, mzigo unarudi, na gharama ya kuusafirisha ni yako.

Balbu ya kiwandani ikiwa bado inawaka, mimi siigusi.