Landrova Iliyo Juu ya Mawe Isiuzwe kwa Kilo

Mnunuzi wa vyuma chakavu haulizi gari lilitengenezwa mwaka gani. Anafika asubuhi, anakadiria kwa jicho, anataja bei ya kilo, na kabla jua halijazama Landrova iliyokaa miaka mingi chini ya mwembe imeshakatwa vipande kwa moto wa gesi. Bodi ya aluminiamu inakwenda kuyeyushwa iwe masufuria. Chesisi inakwenda kuyeyushwa iwe nondo. Familia inabaki na noti chache mkononi na kipande cha uwanja chenye majani yaliyopauka kwa kukosa jua.

Makala haya yana ombi moja. Kabla ya kumwita mtu wa mizani, aitwe kwanza fundi mzee aliyewahi kuitengeneza injini ya Landrova ile wakati ikiwa bado inatembea. Fundi huyo bado yupo, ingawa wenzake wanapungua kila mwaka, na gari lile ndilo darasa la mwisho analoweza kufundishia.

Landrova haikuzaliwa iwe pambo. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 30 Aprili 1948 katika maonyesho ya magari ya Amsterdam, miaka mitatu tu baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Uingereza ilikuwa bado inagawa chuma kwa vibali, lakini aluminiamu ilipatikana. Maurice Wilks na wenzake wa kampuni ya Rover wakalivika gari lao jipya bodi ya aluminiamu, na zile za mwanzo zikapakwa rangi ya kijani iliyobaki kutoka kwenye kazi za ndege za kivita. Dhiki ile ndiyo iliyoipa Landrova umri mrefu, maana aluminiamu haili kutu kama bati la chuma. Haukupita muda likawa gari la bwana shamba, la misheni, la polisi na la askari wa wanyamapori. Watu wengi vijijini gari lao la kwanza kulipanda, wakiwa wagonjwa au wakiwa bibi harusi, lilikuwa hilo.

Lakini chini ya bodi kuna chuma, na hapo ndipo maneno yanapoanzia. Chesisi ya Landrova imeundwa kwa mabati manene yaliyochomelewa yakawa kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Tope huingia kwenye matundu yake, likakaa, likatunza unyevu, na kutu ikaanza kula kutoka ndani kuja nje. Ikionekana nje, ndani imeshamaliza kazi. Gari lililoishi Dodoma kwenye ukavu linaweza kuwa na chesisi nzima kuliko la umri uleule lililoishi Tanga au Mombasa, ambako upepo wa bahari una chumvi. Ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria nao huoza, hasa kwenye sakafu ya miguu. Na pale aluminiamu inapogusana na chuma, unyevu ukiwapo, aluminiamu yenyewe hugeuka unga mweupe unaoporomoka ukiugusa kwa kidole.

Kwa hiyo anayetaka kulifufua gari nyumbani aanze chini ya uvungu, na kifaa chake cha kwanza kiwe nyundo ndogo. Alale chali, agonge chesisi taratibu kuanzia mbele hadi ule mtaimbo mpana wa nyuma unaobeba ndoano ya kuvutia tela. Chuma kizima hulia kwa sauti kali inayokwenda mbali. Kilicholiwa hutoa sauti ya debe lililolowa, na wakati mwingine nyundo huingia ndani yenyewe. Mkia huo wa nyuma na vile vikono vinavyotoka ubavuni kushika bodi ndivyo huoza mapema. Halafu afute tope mbele upande wa kulia, karibu na mahali springi inapofungiwa, atafute namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma na kuilinganisha na ya kwenye kadi ya gari. Namba ikiwa imeliwa na kutu, au haifanani na kadi, jambo hilo limalizwe ofisini kabla hata boliti moja haijafunguliwa. Kujua hilo baada ya kutumia fedha za miaka mitatu ni uchungu ambao haufai kumpata mtu.

Wengi huanza kwa rangi. Inaeleweka: rangi huonekana, majirani husifia, watoto wa nyumbani huamini kwamba kazi inasonga. Lakini puti iliyosawazishwa kwa msasa juu ya kutu ni kama plasta juu ya kidonda kichafu, na mvua ya masika moja inatosha kuifumua. Rangi ije mwisho kabisa, baada ya breki, usukani, nyaya na injini.

Kisha kuna jambo la spana, dogo kwa kulitazama, lakini limeharibu Landrova nyingi kuliko ajali. Seti ya spana inayouzwa leo kwenye maduka ya vifaa kuanzia Gerezani, Dar es Salaam, hadi Kirinyaga Road, Nairobi, ni ya milimita, kwa sababu magari yaliyojaa barabarani ni ya Kijapani. Landrova za zamani zilifungwa kwa boliti za inchi. Kichwa cha boliti cha nusu inchi ni milimita 12.7. Mtu akichukua spana namba 13 anaona imeingia vizuri, anavuta, boliti imeshikwa na kutu ya miaka thelathini haiendi, spana inacheza ile nafasi ndogo ya milimita 0.3 na kula kona za kichwa. Mara ya pili inazunguka bure. Mara ya tatu anachukua tindo, na sasa boliti iliyohitaji dakika tano itachukua siku nzima. Fundi mzee hafanyi hivyo. Atachukua spana ya inchi, mara nyingi nyeusi kwa mafuta na yenye umri kama wa gari lenyewe, atapaka oili ya kulainisha kutu jioni na kuondoka. Asubuhi atarudi, ataikaza boliti kidogo kwanza ili kuvunja kutu, ndipo ataifungua. Hakuna mahali pengine kijana wa leo anapofundishwa kukaza kwanza ndipo afungue.

Injini ndiyo inayoogopwa zaidi, na kwa kweli ndiyo yenye huruma zaidi. Ile ya petroli ya silinda nne iliyoanza kufungwa mwaka 1958, yenye ujazo wa sentimita za mchemraba 2286 kama vitabu vyake vinavyosema, haina kompyuta wala kihisi hata kimoja. Ikiwa imekaa muda mrefu bila kuwaka, pistoni huweza kushikana na kuta za silinda. Anayeanza hukimbilia betri na stata, na hapo huvunja ringi. Njia ya wazee ni ya subira: toa plagi zote nne, mimina dizeli iliyochanganywa na oili kidogo kwenye kila tundu, acha siku kadhaa, ongeza, acha tena. Halafu hendeli. Landrova za petroli za zamani zina tundu mbele la kuingizia hendeli, na mkono wa binadamu una akili ambayo stata haina: unahisi injini inapokataa, unarudi nyuma kidogo, unajaribu tena. Inapokubali, inakubali kwa robo ya mzunguko, kisha nusu, kisha unasikia hewa ikipumua kwenye matundu ya plagi.

Hatua inayofuata ni pointi. Fundi hufungua kifuniko cha distributa, huzungusha injini kwa hendeli mpaka kile kijino cha shafti kinapofungua pointi hadi mwisho, kisha hupitisha kibati cha kupimia kati ya vichwa viwili vya pointi. Nafasi inayotakiwa ni kati ya milimita 0.35 na 0.40. Kibati kikipita bila kugusa, nafasi ni kubwa, moto utakuwa dhaifu. Kikikwama, pointi zitaungua upesi. Kinatakiwa kipite kwa kuvutwa kidogo tu, kama karatasi inavyovutwa chini ya kitabu. Waya za plagi zinafuata mpangilio wa moja, tatu, nne, mbili. Mzee aliyefanya kazi hiyo miaka arobaini hufunga kila kitu, huwasha, hushika bisibisi kwenye kabureta, hufumba macho na kusikiliza. Anasikia kwa sikio kile ambacho gereji za leo hukiona kwenye skrini.

Sikio hilo haliandikwi popote. Gereji zenye kazi nyingi hazina sababu ya kulirithi, kwa sababu kila siku zinapokea magari yenye mfumo wa sindano na kompyuta, na fundi kijana akijua pointi na kabureta hatalipwa zaidi. Asiyelipwa ndiye anayebaki: mwalimu mstaafu, karani, mkulima wa kahawa, dada mwenye duka la dawa ambaye amerithi gari la baba yake na hana haraka. Hao ndio wanaoweza kukaa Jumamosi nzima na fundi mzee kwa ajili ya kibati cha milimita 0.4. Ndiyo maana ufufuaji wa gari nyumbani haufai kutazamwa kama mchezo wa wenye fedha.

Fedha zinahusika, na familia zina haki ya kuuliza. Gari la aina hii halirudishi gharama zake, na anayemwahidi mwenzake nyumbani kwamba litauzwa kwa faida anajitafutia ugomvi. Ni bora aseme kweli tangu mwanzo: kiasi fulani kila mwezi, kisizidi, hata kazi ikichukua miaka mitano. Wengi waliokwama hawakukwama kwa umaskini. Walifungua kila kitu kwa wiki moja, wakaweka boliti zote kwenye ndoo moja, na mwaka uliofuata hawakujua kipi kinarudi wapi. Makopo ya maziwa yenye maandishi juu yake, na picha za simu kabla ya kufungua kila kipande, vimeokoa magari mengi kuliko fedha.

Swali jingine ni la injini ya Toyota. Wapo wanaoifunga kwenye Landrova ya zamani ili ile mafuta kidogo na spea zipatikane hata Sumbawanga. Mwenye kuitegemea Landrova kwa mkate wa kila siku hawezi kulaumiwa. Lakini anayefufua kwa mapenzi asikate vishikio vya injini kwenye chesisi, wala asiuze injini ya asili. Ipakwe grisi, ifunikwe, iwekwe stoo. Kuna siku mtu wa nyumba hiyo ataitaka.

Kiasi gani cha upya kinatosha? Kuna magari mawili yanayosaidia kujibu. Mwaka 1955 wanafunzi wa Oxford na Cambridge waliondoka London na Landrova mbili kuelekea Singapore. Ile iliyoitwa Oxford iliishia kisiwa cha St Helena, ikachakaa huko kwa miaka mingi, kisha ikarudishwa Uingereza na kufufuliwa. Agosti 2019 iliondoka Singapore na Desemba ikafika London kwa barabara. Dereva mmojawapo alikuwa mjukuu wa Tim Slessor, aliyekuwa kwenye msafara wa kwanza. Gari hilo lilibadilishwa vilivyokufa ili litembee. La pili ni JUE 477, lenye chesisi namba 860001, Landrova ya kwanza ya mauzo. Lilikaa miaka mingi kwenye shamba huko Northumberland, na waliolifufua walikazana kutunza kila kipande kilichoweza kutunzwa, pamoja na mikwaruzo na rangi iliyopauka. Njia ya pili ni ngumu zaidi, na ndiyo inayofaa zaidi kwetu. Kibonyeo cha mlango kilichopatikana Ngorongoro kina habari kuliko mlango mpya.

Nairobi wanajua thamani ya kazi hii. Mashindano ya Concours d'Elegance yanayoandaliwa na klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo yalianza mwaka 1970, na magari ya watu binafsi bado hushindana humo kwa usafi na uhalisi. Nchi hiyohiyo ndiyo iliyomtoa Joginder Singh, fundi magari ambaye mwaka 1965 alishinda Safari Rally akiwa na nduguye Jaswant, kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Leo Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8. Kwa kawaida, basi, gari la zamani likikatwa leo hakuna meli itakayoleta jingine.

Mambo matatu yasifanyiwe majaribio. Tangi la petroli lisichomelewe hata likionekana kavu, kwa sababu mvuke uliobaki hulipuka. Apelekewe mtu anayejua kulisafisha. Vumbi la breki za zamani lisipulizwe kwa hewa, maana linaweza kuwa na asbesto; lifutwe kwa kitambaa kilicholowa, na kitambaa kitupwe. Na mpira wa breki hauvumilii oili ya injini: unavimba, na siku ya mteremko pedali inagoma. Breki na usukani vikaguliwe na fundi aliyebobea kabla gari halijatoka getini.

Vyuo vya ufundi stadi vinaweza kusaidia bila bajeti kubwa. Kila chuo kichukue gari moja la zamani, kimwite mstaafu mmoja aliyewahi kutengeneza magari kama hilo, kimlipe posho ya siku na kurekodi mikono yake ikifanya kazi. Na pale ambapo Landrova iko juu ya mawe nyuma ya nyumba, wikendi hii inatosha kuikatia majani, kuiezekea bati nne juu, na kutoa plagi zake ili dizeli ianze kushuka.